Mwizi Aliyeamkia

"Kwa hiyo haka ndiko katakakotuletea mlango?" Afande Raymundi, mkuu wa upelelezi, alikipima kinasa sauti kiganjani, akakirudisha mezani. Hakuwa na imani na kitu chochote cha kazi kinachoenea mfukoni.

"Hapana, Afande," alijibu Sajenti Sikuzani Uwesu. "Haka katatuletea aliyeuchukua. Mlango uko wapi atatuambia mwenyewe."

Raymundi alicheka, lakini hakumkataza. Asubuhi hiyo ya Jumapili hakuwa na wazo bora zaidi, na alikuwa mkweli wa kutosha kulijua hilo.

Kesi yenyewe ilikuwa ya aibu. Ijumaa, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini, watu walifika na pikapu nyeupe nyumbani kwa marehemu Mzee Nabhan, wakang'oa mlango wa mbele, wakaupakia, wakaondoka. Haukuwa mlango wa kuagiza dukani. Ulichongwa enzi za misafara, watu na pembe za ndovu wakipita Tabora kwenda pwani, na misumari yake ya shaba ilisuguliwa kila mwaka kabla ya Idi mpaka ikawa inang'aa. Majirani waliona kila kitu, kuanzia pigo la kwanza la nyundo hadi kamba ya mwisho. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mtaa mzima ulijua bawaba ya chini imelegea na kwamba Mzee alikuwa akitafuta fundi kabla mauti hayajamfika. Ukitaka kuiba Tabora mchana kweupe, beba nyundo na ujifanye una haraka.

Aliyekamatwa ni Shaban, mlinzi wa nyumba. Naye alikuwa ameenda kuswali, na mfukoni alikutwa na msumari mmoja wa shaba wa mlango ule ule. Yeye alisema aliuokota kizingitini aliporudi na kukuta tundu tupu. Huenda ni kweli. Lakini familia ya marehemu ilikuwa imeshaanza kuulizia mlinzi mwingine, na chumba cha uani ambamo Shaban aliishi na mkewe kilikuwa cha mlinzi, si cha Shaban. Jumatatu faili lingepanda mahakamani. Mkewe, Zuwena, alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo na chakula kwenye hotipoti, hamuulizi mtu chochote, na hilo lilimuuma Sikuzani kuliko kama angelia.

Shahidi alikuwa mmoja tu, tena hakuona kitu. Bi Tufaha, mjane wa Mzee Nabhan, alikuwa eda, chumba cha ndani, pazia limeshuka. Alichokuwa nacho ni masikio.

Ndiyo maana Sikuzani alikitoa kile kinasa sauti kwenye droo, alikokilaza tangu arudi mafunzoni Dodoma. Kilikuwa bado na nailoni yake. Wenzake walipewa vya namna hiyo hiyo, wakawapa watoto wachezee. Yeye alikaa nacho mezani akakianza tangu mwanzo: akatia betri mbili ndogo, akasukuma kadi mpaka ikalia, akapita kwenye menyu neno kwa neno. Saa ya kifaa ilidai ni usiku, mwaka uliokwishapita. Aliirekebisha kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu rekodi yenye tarehe ya uongo ni zawadi kwa wakili wa mshtakiwa. Akazima mlio unaolia kila kitufe kikibonyezwa. Akasogeza swichi ndogo ya ubavuni, ile inayofunga vitufe vyote, ili kisije kikajiwasha au kujizima ndani ya mkoba. Kisha akakutana na kipengele kilichosema mashine itanasa inaposikia sauti na itapumzika pakiwa kimya. Akaona ni jambo la busara. Betri zingedumu, na nafasi isingejaa upuuzi. Akakiacha kimewashwa.

*

Mahali pa mlango palikuwa na turubai la buluu. Sikuzani alivua viatu, akapitishwa na Nawal, binti wa Bi Tufaha, hadi nyuma ya pazia.

Bi Tufaha alikuwa mwembamba, amekaa wima kwenye msala, uso hauna hata wanja. Sikuzani alimwamkia, akaitikiwa. Akakiweka kinasa sauti juu ya mto katikati yao, mdomo wa maikrofoni ukimwelekea mama, mbali na feni.

"Hiki kinasikiliza tu, Bi Tufaha. Taa nyekundu ikiwaka kinaandika sauti yako. Ukitaka nikizime, nakizima."

"Kinasikiliza bila kudakia?"

"Bila kudakia."

"Basi kinawazidi wengi waliokuja kunipa pole. Uliza, mwanangu."

"Ijumaa ulisikia nini?"

"Nyundo. Nikadhani wanangu wameleta fundi. Nikasikia miguu uani, ya wanaume, haizidi watatu. Nikakohoa."

"Kwa nini?"

Bi Tufaha alimtazama kwa mshangao kidogo. "Mwanamke wa eda akisikia wanaume uani afanyeje? Hukohoa, wajue yumo, wasije wakafunua pazia. Nikakohoa. Nyundo ikanyamaza. Mmoja akasema, shikamoo. Nikaitikia, marahaba. Wakaendelea na kazi yao." Alikunja mikono. "Na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, hawa vijana wamelelewa. Wananing'olea mlango wa nyumba yangu nami nawasifia adabu."

Sikuzani nusura acheke, akajizuia. Mwizi aliyeamkia. Katika miaka yake yote ya upelelezi alikuwa hajawahi kumpata.

"Haikuwa sauti ya Shaban?"

"Shaban? Sauti ya Shaban naijua hata akipiga chafya. Shaban akiamkia utadhani anaomba chumvi. Huyu aliamkia kama mtu aliyezoea kupokelewa."

"Ukiisikia tena, utaitambua?"

Hapo Bi Tufaha alinyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu sana, macho ameyafumba, midomo ikicheza bila sauti kana kwamba analirudia lile neno mwenyewe, kwanza hivi, kisha vile. Njiwa alilia juu ya bati, akaondoka. Nawal alibadilisha mguu. Sikuzani alimtazama mama yule akiipekua kumbukumbu yake kwa uaminifu, asikubali kusema kitu asichokuwa nacho, akampenda.

"Ndiyo," Bi Tufaha alisema mwishowe. "Nitaitambua."

*

Raymundi alisikiliza rekodi ofisini, kiwiko mezani. Ilipofika mwisho alikunja uso.

"Irudishe hapo. Pale ulipomuuliza kama ataitambua."

Sikuzani aliirudisha. *Ukiisikia tena, utaitambua?* Na papo hapo, bila hata pumzi kati yake: *Ndiyo. Nitaitambua.*

"Umesikia? Swali na jibu vimefuatana kama vya shule. Wakili atasema umemfundisha."

"Hakujibu hivyo, Afande. Alikaa kimya muda mrefu. Mpaka nikadhani amesinzia."

"Kimya kiko wapi?"

Hakikuwapo. Sikuzani aliisikiliza tena kwa hedifoni, akifuatilia namba za muda kwenye kioo kidogo, ndipo akaelewa, akajikasirikia. Ile busara ya kuokoa betri. Mashine ilisubiri sauti. Mama alipoacha kusema, nayo ikalala. Aliposema tena, ikaamka. Ile dakika ya uaminifu kuliko zote, mashine haikuwa na habari nayo. Na si hilo tu. Kila sentensi ya mwanzo baada ya kimya ilikuwa imekatwa kidogo kichwani, kwa maana mashine ilichelewa kuamka.

"Kosa langu," alisema. "Nilikiambia kimya si kitu."

Aliingia kwenye menyu mbele ya mkuu wake, akakizima kile kipengele, akanasa chumba kikiwa kimya kabisa, akakisikiliza. Sasa kilikuwapo: mvumo wa feni, kiti cha Raymundi kikilalamika, pikipiki mbali barabarani. Aliandika maelezo ya tofauti hiyo kwa mkono wake na kuyaweka kwenye faili, asije mtu akasema kesho kwamba alificha.

"Sasa nisikilize," Raymundi alisema. "Tunao watu watatu. Benjamini, dereva wa pikapu nyeupe pale sokoni, kwao Ziba. Ezekia, seremala wa Itetemia, yeye alikuja kuupima mlango Mzee akiwa hai. Na Bwana Azan, wa duka la vitu vya kale, alikuwa akimbembeleza Mzee amuuzie, kila siku barazani. Mjane hajui sauti ya hata mmoja wao, wote walishughulika na Mzee. Waite. Kila mmoja aseme shikamoo mbele ya kidude chako. Mpelekee mama asikilize. Tumemaliza."

"Mtu ukimwambia aamkie, Afande, haamkii. Anaigiza. Mwenye hatia atatupa sauti ya shangazi yake."

Raymundi alifungua mdomo kujibu, lakini mtu mwingine alikohoa.

Alikuwa mama yake mzazi. Bi Apolinaria alikuwa amefika alfajiri kwa basi kutoka Ipole na ndoo ya asali ya mwanawe, na kwa kuwa mwanawe hakuwa na muda wa kumpeleka nyumbani, alikalishwa nyuma ya ubao unaotenga kona ya chai. Kifua kilikuwa kimemshika kwa moshi wa kukaushia tumbaku. Alikohoa mara moja, kikohozi kizito cha mtu mzima. Askari aliyekuwa akipita koridoni na mafaili, bila kusimama, bila kugeuka, bila hata kumwona, alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," ikajibu sauti nyuma ya ubao.

Askari akaenda zake. Sikuzani alibaki ametazama ubao ule. Kisha akamtazama mkuu wake, naye Raymundi, ambaye hakuwa mjinga, akaanza kutikisa kichwa.

"Hapana. Si mama yangu."

"Kazi gani hiyo, mwanawane?" aliuliza Bi Apolinaria kutoka nyuma ya ubao. "Kukohoa? Mbona ninakohoa bure tangu asubuhi."

*

Waliitwa mmoja mmoja, wakati jua limekaa utosini. Sikuzani alikificha kinasa sauti juu ya kabati, nyuma ya jagi la maua ya plastiki, maikrofoni ikiwa kwenye kiwango cha juu cha kusikia. Alijaribu mara mbili, akaona feni inafunika maneno, akaizima. Raymundi aliketi akitoka jasho kwa ajili ya haki. Bi Apolinaria alipewa chai na maelekezo mafupi: akisikia mgeni ameingia na kusalimiana, akohoe, basi.

Benjamini aliingia akiwa na funguo mkononi, mwenye wasiwasi wa kila dereva anayeitwa polisi. Kikohozi. "Shikamoo huko ndani," alisema, akakaa. Ijumaa alikodiwa kupeleka simenti, akataja wapi, akataja nani alipokea.

Ezekia alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kikohozi. "Shikamoo, mama. Pole na kifua." Alikiri kwamba aliupima mlango, akasema pia, bila kuulizwa, kwamba aliyeung'oa alikuwa fundi wa kweli, kwa kuwa aliona vipande vya fremu vilivyobaki na hakukuwa na ufa. Alisema hivyo kwa kusifu, jambo ambalo mwenye hatia angeliogopa, au mwenye hatia mjanja angelitumia. Sikuzani alimweka kando pamoja na Benjamini, kwenye benchi la ukumbini, wasubiri.

Bwana Azan aliingia wa mwisho, na chumba kikabadilika. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi, marashi ya kiasi. Tabora nzima ilikuwa ikimsifu kwa adabu. Walisema hata mbuzi akimpisha njia, yeye humshukuru. Alimsalimu Raymundi kwa cheo, akauliza habari za nyumbani kwake. Alimsalimu Sikuzani, akamuulizia baba yake mzee Uwesu na mguu wake. Alimsalimu hata aliyekuwa akipiga deki mlangoni. Raymundi, licha ya jasho, alikuwa amekwisha kumpenda.

Kikohozi.

Azan alitulia kidogo, mkono kwenye mgongo wa kiti.

Bi Apolinaria, labda akidhani hakusikika, alikohoa tena.

"Naweza kukaa, Afande?" alisema Azan.

Alikaa. Alijibu kila swali vizuri. Ndiyo, aliutaka mlango ule, nani asingeutaka. Hapana, Ijumaa alikuwa kwenye swala, kisha dukani. Kwa kweli ilikuwa hasara kwa mji mzima, na kama kuna lolote angeweza kusaidia. Alipotoka kwenda kusubiri ukumbini, Raymundi aliwasha feni, akajiachia kitini.

"Huyo tumtoe. Huyo ni muungwana."

Kulikuwa na kitu kilichomkwaruza Sikuzani, naye hakujua ni nini; wakati ule alikuwa akiandika, jicho kwenye karatasi. Alikishusha kinasa sauti, akavaa hedifoni, akasikiliza moja baada ya nyingine. Benjamini. Ezekia. Azan. Akairudisha ya Azan. Akafumba macho kama Bi Tufaha alivyofumba.

Akavua hedifoni, akaongeza sauti, akaweka kifaa mbele ya mkuu wake.

"Sikiliza, Afande. Usisikilize anachosema."

Kikohozi kikasikika, kikubwa na wazi. Halafu kimya. Namba kwenye kioo zikaendelea kutembea. Kilikuwa kimya chenye vitu ndani yake: kijiko kwenye kikombe cha chai, mguu wa kiti, pumzi ya mtu aliyeivuta na hakuitoa. Kikohozi cha pili. Kimya tena. *Naweza kukaa, Afande?*

"Hakuamkia," alisema Raymundi polepole.

"Amemwamkia kila mtu kituoni, mpaka mwenye dekio. Amekuulizia nyumbani kwako. Mtu mzima anakohoa mara mbili nyuma ya ubao, na Bwana Azan, huyu Bwana Azan, hana salamu. Mtu asiye na adabu angenyamaza na nisingeshangaa. Huyu kunyamaza kumemgharimu. Umeisikia hiyo pumzi. Salamu ilikuwa imeshafika mdomoni, akaimeza."

"Kwa sababu mara ya mwisho alipoamkia kikohozi..."

"Alikuwa ameshika mlango wa watu."

Raymundi alikiangalia kile kidude mezani kwa namna ambayo hakuwa amekiangalia asubuhi. Laiti kingekuwa bado kwenye ile busara yake ya kwanza, wangesikia kikohozi, kikohozi, *naweza kukaa*, vimebanana bila nafasi, na muungwana angeenda zake na kanzu yake safi. Lakini mkuu wa upelelezi ni mkuu wa upelelezi.

"Kimya si ushahidi, Sajenti. Siwezi kumpelekea hakimu mtu kwa kosa la kutoamkia. Mjane alisikia neno. Nipe neno."

"Najua."

Ndipo waliposikia sauti ya Bi Apolinaria, lakini si nyuma ya ubao tena. Alikuwa ametoka kwenda kupunga hewa ukumbini.

"Mwanawane. Wewe wa kanzu."

Sikuzani alinyakua kinasa sauti na kufika mlangoni. Azan alikuwa amesimama, kofia mkononi, tayari kuondoka. Benjamini na Ezekia walikuwa benchini. Zuwena, mke wa Shaban, aliinua uso kutoka kwenye ngazi. Bi Apolinaria alikuwa amesimama katikati ya njia, mfupi, kanga mbili, na hakuonyesha dalili ya kupisha.

Sikuzani alibonyeza kitufe. Hakuna kitu. Alibonyeza tena, kioo kikamjibu kwa alama ya kufuli. Ile swichi ya ubavuni. Mazoea yana taabu, vidole vyake vilikuwa vimeifunga vyenyewe rekodi ilipokwisha.

"Nimekohoa mara mbili kule ndani," Bi Apolinaria alikuwa akisema, pasipo hasira, kwa masikitiko tu ya mzazi. Hakuna aliyemwagiza hayo. "Nikasema labda hukunisikia. Sasa unaniona kwa macho yako, na bado unanipita kama nguzo. Nani kakulea, baba?"

Swichi ikateleza. Kitufe. Taa nyekundu.

Watu wote ukumbini walikuwa wanamtazama Azan, na Azan alikuwa anajitazama kupitia wao. Alikuwa na njia mbili, kupita au kuamkia, na Sikuzani aliona usoni mwake kwamba kwa mtu wa namna yake njia ilikuwa moja. Angeweza kuwa mwizi. Asingeweza kuonekana hakulelewa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, pita."

*

Bi Tufaha alikuwa amekaa pale pale. Safari hii Nawal aliketi kama shahidi, na Sikuzani alieleza utaratibu mara mbili. Angemsikilizisha sauti nne alizozihamishia kwenye simu, kinasa sauti kikiandika majibu, na hana ruhusa ya kusema ni za nani. Baada ya kila moja mama aseme kwa mdomo, siye, au ndiye, au sijui, na sijui ni jibu halali kama mengine. Mojawapo ilikuwa ya yule askari wa mafaili, ambaye Ijumaa alikuwa kazini Nzega. Sikuzani alimwomba apite tena koridoni mbele ya kikohozi, akaamkia bila kujua kwa nini anaombwa apite. Mtego wa haki lazima uwe na mtu asiye na kosa ndani yake.

Sauti ya kwanza, ya askari. Bi Tufaha alitikisa kichwa.

"Sema kwa mdomo, Bi Tufaha."

"Siye."

Ya pili, Benjamini. "Siye. Huyu ana haraka."

Ya tatu, Ezekia. Hapo alisita, akaomba irudiwe, na Sikuzani akairudia akiwaza kwamba vumbi la mbao na sifa za ufundi zingeweza kuwa na maana nyingine. "Siye," alisema mama mwishowe. "Nimependa tu alivyompa pole mgonjwa."

Ya nne. Sikuzani alibonyeza.

Kwanza ukumbi wa kituo, mbali, na nafasi tupu. Kisha sauti ile ya mtu aliyezoea kupokelewa: *Shikamoo.*

"Marahaba," alisema Bi Tufaha.

Lilimtoka kabla hajafikiri, kama lilivyomtoka Ijumaa. Sauti tatu zilikuwa zimepita akizipima kwa akili. Hii haikupimwa. Alipeleka mkono mdomoni na kuuacha hapo, na macho yake, makavu siku zote tangu azikwe mumewe, yakajaa maji.

"Ndiye," alisema. "Huyu ndiye niliyemwitikia."

Nawal aliinamisha kichwa. Sikuzani aliacha taa nyekundu izimike, akamshika mama yule mkono. Akamwambia ukweli, kwamba katika kazi hii hajapata shahidi kama yeye.

Raymundi alitia saini hati ya upekuzi akiwa amesimama. Mlango ulikutwa kwenye ghala la Azan, umelazwa juu ya mikeka, umefunikwa kwa magunia ya tumbaku kwa uangalifu wa mtu anayependa kitu, hauna hata mkwaruzo. Kwenye safu ya chini palikuwa na tundu moja lisilo na msumari. Sikuzani aliutoa ule wa Shaban kwenye bahasha ya vielelezo, akausogeza. Ukaingia.

Azan hakubishana. Alisema kwamba aliwapeleka mafundi mwenyewe kwa kuhofia wangeuvunja, na kwamba mama alipokohoa hata hakujua kwamba ameshasema. Alipitishwa kwenye lango lile lile la mahabusu ambako Shaban alikuwa akitolewa. Wakasalimiana, hawakuwa na namna.

Jioni hiyo Bi Tufaha alisikia miguu nje ya turubai la buluu. Alikohoa. Hapakuwa na mlango wa kubisha wala komeo la kugonga. Mtu yeyote angeweza kuinua kona ya turubai na kuingia, na mlinzi alikuwa na haki kuliko wote. Lakini Shaban alisimama nje, na Zuwena nyuma yake na hotipoti tupu.

"Hodi," alisema Shaban, kama anayeomba chumvi. "Shikamoo, bi mkubwa."

Bi Tufaha alichelewa kujibu. Nyuma ya pazia alikuwa analia, naye hakutaka kijana alisikie hilo kwenye sauti yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Karibu nyumbani."